Mizinga mnagawa, ovaroli je?

Hivi ni nani alituaminisha kwamba asali inajirina yenyewe?

Nauliza kwa sababu nikisoma hotuba za wakubwa wetu kuhusu nyuki naona tani, naona mizinga, naona dola. Binadamu simwoni. Utaambiwa Tanzania ni ya pili Afrika kwa kuzalisha asali, nyuma ya Ethiopia. Utaambiwa tuna uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kila mwaka, na kwamba tunachovuna ni sehemu ndogo tu ya hizo. Namba hizi nimezisikia kwenye warsha nyingi mpaka naweza kuzitaja usingizini. Lakini bado sijamsikia mgeni rasmi hata mmoja akisimama na kusema: mizinga hii tuliyogawa leo imekuja na ovaroli, kofia ya wavu, glavu, gambuti na bomba la moshi, na zahanati ya kijiji hiki ina adrenalini kabatini.

Hoja yangu leo ni hiyo tu. Ukimpa mtu mzinga, usimpe vazi la kujikinga, wala usimwekee karibu sindano ya kumwokoa akizidiwa, hujamsaidia. Umemtega.

Mimi naishi Jangwani, Kariakoo naenda kwa miguu. Asali pale ipo kila kona: kwenye madumu ya lita ishirini, kwenye chupa za maji ya kunywa, kwenye chupa za pombe kali zilizooshwa na kuvuliwa lebo. Sikiliza maswali ya wateja. Imechanganywa na sukari? Ni ya nyuki wakubwa au nyuki wadogo? Ya Tabora au ya Singida? Muuzaji naye ana majibu yake: "Tabora hiyo, kaka, onja mwenyewe." Ni maswali mazuri, sina ugomvi nayo. Ila katika maswali yote hayo hakuna linalomhusu aliyepanda mti usiku kuitoa.

Na alipanda kweli. Sehemu kubwa ya asali yetu bado inatoka kwenye mizinga ya magome na ya magogo, iliyotundikwa juu ya miti kwenye misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na kwingineko. Mrina anasubiri giza, kwa sababu usiku nyuki hawaruki ovyo. Anapanda na mwenge wa nyasi au wa magome. Wapo wanaopanda na nguo zao za kila siku, na wapo wanaovua kila kitu wakapanda watupu kama walivyozaliwa.

Najua umecheka. Na mimi nilicheka, mpaka mzee mmoja aliyeleta mzigo wake Kariakoo kutoka Sikonge aliponiuliza nacheka nini. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini wanavua. Akaniambia: "Mwanangu, shati linamfungia nyuki ndani. Akishaingia kwenye kwapa hatoki, na wewe uko juu ya mti mikono miwili imeshika tawi. Bora uwe mtupu umfute." Mzee yule hakuwa mjinga hata kidogo. Nguo nyepesi iliyobana haikingi vizuri, kwa sababu mwiba unapita kwenye kitambaa kinachogusa ngozi, na nyuki aliyenaswa ndani atauma tu. Kosa lililopo hapa ni la waliokaa miaka na miaka wakimshauri mzee huyu aongeze uzalishaji bila kumpa nguo iliyoshonwa kwa kazi yake.

Sasa tuulizane, nyuki wenyewe ni nyuki gani? Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki wa Afrika, wengi kutoka Afrika Kusini na wachache kutoka Tanganyika, akawapeleka kwao kuboresha uzao. Mwaka 1957 makundi 26 yalimtoroka. Wajukuu wao walisambaa sehemu kubwa ya Amerika Kusini, wakapanda kaskazini, na mwaka 1990 wakaingia Texas. Wamarekani wakawaita nyuki wauaji. Wakatengeneza sinema, wakafundisha vikosi vyao vya zimamoto namna ya kupambana nao. Nyuki hao waliotikisa Marekani ndio ndugu wa damu wa hawa wetu. Huko mtu hakaribii mzinga wao bila kujifunika utosi mpaka kisigino. Sisi tulio nyumbani kwao tunamwambia mrina akaze roho.

Hapa ndipo wengi hutoa methali: fuata nyuki ule asali. Sawa. Lakini tujue sumu inavyofanya kazi, maana kufa kwa nyuki kuna njia mbili, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni wingi. Nyuki akiuma anaacha mwiba wenye kifuko cha sumu, na mwiba huo unaendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akishaondoka. Pia anaacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, ambayo kwa wenzake ni king'ora: pigeni hapa. Ndiyo maana kumponda nyuki mmoja kunaita mia. Wataalamu hukadiria kwamba kiwango cha kuua ni kama michomo 19 kwa kila kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 60 ni zaidi ya elfu moja. Mtoto wa kilo 15 hata mia tatu hazifiki. Na wapo wanaoonekana wamepona siku ya kwanza, kumbe misuli imeharibika na figo zinakuja kugoma siku chache baadaye.

Njia ya pili ni aleji, au mzio kama wanavyosema wenye Kiswahili chao. Hapa hesabu ya michomo haina maana. Mchomo mmoja unatosha. Mwili unaokataa sumu hiyo unafumuka vipele, midomo na koo vinavimba, kifua kinabana, tumbo linakata, mtu anatapika, presha inashuka, anaanguka. Uvimbe wa pale pale ulipoumwa tu, hata ukiwa mkubwa, si hiyo. Ninayoisema mimi inashika mwili mzima, na inakimbia kwelikweli. Uchunguzi wa vifo vya aleji uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa nusu ya waliouawa na michomo ya wadudu, moyo au pumzi ilisimama ndani ya dakika 15 hivi.

Dakika 15! Hapa Jangwani, saa kumi na moja jioni, dakika 15 ni za kutoka kituo cha Fire kwenda mataa ya Magomeni kama una bahati, na mvua ikishafurika bonde la Msimbazi hiyo bahati isahau. Sasa fikiria huyo aliye katikati ya msitu, kilomita ishirini kutoka zahanati, anasubiri bodaboda.

Dawa ya hali hiyo inajulikana na ni moja: adrenalini. Inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, kwa mtu mzima nusu miligramu, na inarudiwa baada ya dakika tano ikiwa hali haijabadilika. Mgonjwa analazwa chali na miguu inainuliwa, hasimamishwi wala hatembezwi. Miongozo ya kimataifa inasema adrenalini kwanza, mengine baadaye. Piritoni inapunguza kuwashwa, haifungui koo wala haipandishi presha. Haidrokotizoni inachukua saa nyingi kufanya kazi yake. Lakini waulize ndugu na jamaa waliowahi kukimbizwa kituo cha afya kwa nyuki walichomwa nini kwanza. Mimi nimewauliza wengi wa wale ninaowafahamu. Piritoni na haidrokotizoni, piritoni na haidrokotizoni.

Utaniambia adrenalini ni ghali. Hapana, ndugu yangu. Ghali ni ile kalamu ya kujichoma mwenyewe wanayotembea nayo Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 Wamarekani walipiga kelele mpaka bungeni kwao baada ya bei ya kalamu mbili za EpiPen kupita dola 600. Ampuli ya kawaida ya miligramu moja, ukinunua kwa jumla, haifiki dola moja. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Imo kwenye orodha yetu ya taifa pia. Ni dawa ambayo muuguzi anayechanja watoto anatakiwa kuwa nayo pembeni. Kwa hiyo shida si pesa. Shida ni kwamba hakuna aliyekaa akaunganisha ramani ya mizinga na ramani ya zahanati.

Sasa nije kwako wewe msomaji wangu wa mjini, maana naona umeshajitoa kwenye habari hii. Unadhani hii ni stori ya wazee wa Sikonge.

Wewe ndiye ulinunua eka mbili Kisarawe au Bagamoyo. Wewe ndiye uliona kwenye simu hesabu ya mizinga 50 mara lita kadhaa mara shilingi kadhaa, ukapiga magoti kushukuru. Unaenda Jumamosi moja kwa mwezi, umevaa jinsi na fulana nyeusi, unapiga picha. Kaa ukijua nyuki huchukizwa zaidi na rangi za giza na nguo zenye manyoya, na hufuata pumzi yako usoni. Halafu sikia hili: utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1984 ulikuta kwamba karibu nusu ya wafugaji walioumwa chini ya mara 25 kwa mwaka walishawahi kupata aleji ya mwili mzima, wakati kwa walioumwa zaidi ya mara 200 hakukuwa na hata mmoja. Yaani mfugaji wa wikiendi ndiye aliye pabaya zaidi. Mzee wa Sikonge anaumwa kila msimu mpaka mwili umezoea. Wewe unaumwa kidogo kidogo, kwa vipindi, na huo ndio mwendo wa kuuchochea mwili ukasirike.

Ndiyo maana ile kauli ya "umwa tu, utazoea" inanikera. Wanaosema hivyo ni wale waliozoea. Waliokufa hawapo kwenye kikao kutoa maoni yao. Zaidi ya hapo, wapo ndugu wa wafugaji, wasiogusa mzinga kabisa, ambao wamekutwa na aleji ya nyuki kutokana na kuishi na nguo za kazi zilizojaa sumu. Mke anayefua na mtoto anayekumbatia baba hawajachagua kuzoea chochote.

Wengine wanasema vazi kamili linatoka nje na bei yake haishikiki. Hili ndilo lililonifanya wiki iliyopita nizunguke Kariakoo na daftari. Ovaroli nyeupe zipo, zile za wafanyakazi wa viwandani. Kofia pana za majani zipo. Wavu mweusi upo kwa wauza vitambaa, gambuti zipo, glavu ndefu za mpira zipo, lastiki na zipu zinauzwa kwa rundo. Na kwenye vibaraza kuna mafundi cherehani wanaoweza kukushonea suti ya harusi kwa kutazama picha. Nilimweleza fundi mmoja ninachotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mdogo wangu, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Leta kipimo."

Kuna mambo ya kumwambia fundi, maana vazi baya linaua kama kutovaa. Ovaroli iwe pana, ikae mbali na ngozi, na ndani uvae nguo nyingine, kwa sababu mwiba haufiki pale penye hewa katikati. Wavu uwe mweusi ili uone vizuri, usimame mbali na pua na masikio, uchomekwe chini ya kola na kufungwa. Lastiki kwenye viwiko na vifundo, suruali ishuke juu ya gambuti, na pale zipu inapoishia shingoni pawe na kifuniko, maana nyuki watapaona tu. Na tafadhali usikate chandarua chenye dawa. Dawa ile inaua wadudu, na nyuki ni mdudu. Ukishamaliza kujilinda kwa kuua nyuki wako mwenyewe utarina nini?

Sasa kama vazi linaweza kushonwa hapa Kariakoo kwa asubuhi moja, kwa nini linakosekana kwenye mafungu ya miradi? Jibu langu ni jepesi: mzinga unapigwa picha. Mizinga mia imepangwa uwanjani, imepakwa rangi, mgeni rasmi anakata utepe. Ovaroli mia zilizokunjwa hazipendezi gazetini, na ampuli ya adrenalini ni ndogo kuliko kidole.

Na hapa sisi waandishi tusijifanye watakatifu. Nyuki wakitua juu ya mtu sokoni tunakimbilia kuandika mganga na mwizi, kwamba nyuki wametumwa kurudisha mali ya watu. Habari hiyo inauza. Kundi la nyuki likihama na malkia wake hutua popote kupumzika, kwenye nguzo, kwenye bodaboda, kwenye meza ya machungwa, na linaweza kutua kwa mwizi na kwa sheikh. Kila mara tunapoandika uchawi, tunapoteza nafasi ya kuwaambia watu la kufanya: usipunge mikono, funika uso kwa shati, kimbia uingie ndani ya nyumba au gari na ufunge, usijitose kwenye maji kwa sababu watakusubiri juu, na toa miba haraka kwa namna yoyote, kwa kuwa kinachohesabika ni sekunde, si ufundi wa kuitoa. Maneno hayo yanaingia kwenye kisanduku kidogo pembeni ya habari. Hatuyaweki.

Sipuuzi yaliyofanyika. Tuna Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na sheria ya mwaka 2002. Tuna chuo cha ufugaji nyuki Tabora. Mizengo Pinda akiwa Waziri Mkuu, kati ya 2008 na 2015, alilibeba jambo la nyuki akiwa mfugaji mwenyewe, na Novemba 2014 Arusha ilipokea kongamano la Apimondia kuhusu nyuki wa Afrika. Asali yetu inaruhusiwa kuingia soko la Ulaya, na ili iruhusiwe tunachukua sampuli na kuzipima mabaki ya dawa na kemikali. Angalia hapo sasa. Asali inapimwa maabara kabla ya kuliwa na Mjerumani. Aliyeirina hana anayemuuliza kama aliwahi kuzimia baada ya kuumwa.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Vizuri sana. Lakini mrina hana mwajiri. Anauza kwa dalali, dalali anauza kwa mwenye duka, mwenye duka anakuuzia wewe. Kila mmoja kwenye mnyororo huo anafaidi kwa kuwa mtu wa mwanzo hana ovaroli. Na wewe unayekataa kuongeza hata mia tano juu ya bei ya chupa umo.

Tena kuna faida ambayo hata wasiomjali mrina wataipenda. Kila kiangazi warina asali wanatupiwa lawama za moto wa misituni. Huo mwenge wanaubeba kwa sababu hawana kinga nyingine. Mwenye vazi zuri na bomba la moshi hahitaji kuwasha mwenge, moshi mdogo uliopoa unamtosha. Ovaroli ni za kulinda msitu pia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, wala hayahitaji tume. Mradi wowote, wa serikali, wa wafadhili au wa mbunge, usiruhusiwe kugawa mzinga bila vazi na bomba la moshi. Zahanati iliyo karibu na mizinga iwe na adrenalini wakati wote, na muuguzi aliyefundishwa kuichoma kwanza pajani bila kusubiri daktari. Na kila mafunzo ya ufugaji yaanze na swali moja kwa kila anayejiandikisha: uliwahi kuumwa na nyuki ukavimba mwili mzima, ukakosa pumzi, ukazimia? Anayejibu ndiyo apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwenye mzinga.

Nanyi wenzangu wenye eka zenu Kisarawe, mjipime kwa swali hilo hilo kabla ya Jumamosi. Fundi wangu yupo kibarazani, anasubiri vipimo.

Naomba kuwasilisha.